Ligi ya Kurithishana: Tulivyoianzisha na Tunavyoitunza

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, mhasibu, katika chakula cha jioni cha harambee ya chama, Dar es Salaam



Kamati imenipa dakika 15 nieleze kuhusu "ule mchezo wenu wa kwenye simu". Nilipoingia hapa mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli mhasibu mzima, mwenye miaka 40 na kitu, bado anacheza. Nikamwambia, mzee wangu, leo nitaeleza yote, pamoja na sehemu yenye aibu. Basi naomba mnivumilie.

Wengi wenu mnaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, wasizidi 3 kutoka klabu moja, na wanavyocheza uwanjani kweli ndivyo unavyopata pointi. Ni mchezo mzuri, lakini una tabia moja: kila Agosti unaanza upya. Uliyeshika mkia mwaka jana na uliyekuwa bingwa mnaanza wote na sifuri. Ukiharibu unasema "mwakani", na mwakani haikumbuki chochote.

Ligi yetu si hiyo. Yetu inafuata mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili na kofia ngumu. Fantasi yenyewe ilizaliwa huko. Mwaka 1962 bwana mmoja aitwaye Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake katika hoteli moja ya New York wakaandika kanuni, na mwaka uliofuata wakaanza na timu 8. Baadaye Wamarekani wakabuni aina nyingine wanayoiita dainasti, yaani ya nasaba. Mimi naiita ligi ya kurithishana. Mchezaji ukishamchagua ni wako mpaka umuuze, umwache, au astaafu. Msimu ukiisha timu haivunjwi. Kinachofanyika kila mwaka ni kugawana vijana wapya tu wanaotoka vyuo vikuu, na aliyeshika mkia huchagua wa kwanza ili apate nafasi ya kuinuka. Hata zamu yako ya kuchagua mwakani, au mwaka kesho kutwa, ni mali. Unaweza kuiuza leo. Wahasibu mlioko humu mmeshaanza kuona hatari iko wapi.

Tulianza mwaka 2019. Mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi Dallas, alinipigia simu usiku. "Baba mdogo, tunaanzisha ligi ya watu wa nyumbani. Tuko 11, tunamtaka wa 12, na tunataka mtu wa kushika fedha." Nikamwambia sijui chochote kuhusu mpira huo. Akasema, "Huhitaji kuujua mpira. Wewe hujawahi kuacha kikundi chochote ulichoingia."

Sikuelewa siku ile, lakini hilo ndilo somo la kwanza. Ukitaka kuanzisha kitu cha miaka mingi, usianze na wajuzi. Anza na wenye kubaki. Mjuzi atakuchangamsha miezi mitatu, kisha atachoka. Tulikuwa 7 Marekani, mmoja Kanada, na 4 hapa nchini. Wawili tu kati yetu walikuwa wajuzi wa kweli. Leo, baada ya misimu 6, mmoja wa wale wajuzi hayupo. Nitamfikia.

Uchaguzi wa kwanza ulichukua wiki mbili na zaidi, kwa sababu Dar na Dallas zinapishana saa 8 wakati wa kiangazi chao. Mwenzako anachagua wewe umelala. Katika mpira ule kuna mrushaji mkuu wanayemwita kwotabeki. Huyo ndiye hudumu: mkimbiza mpira huanza kuchoka kabla hajafika miaka 30, lakini kwotabeki akijaliwa anaweza kufika 40. Nikasema, kama mhasibu, nitanunua mali ya kudumu. Nikamchagua Andrew Luck wa Indianapolis, kijana wa miaka 29, aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa nchi nzima mwaka 2012.

Tarehe 24 Agosti 2019, kabla msimu haujaanza, Luck akatangaza kustaafu. Alisema amechoka na mzunguko wa kuumia na kujiuguza. Huku kwetu ilikuwa Jumapili alfajiri. Nimeamka nijiandae kwenda ibadani, nakuta simu ina ujumbe zaidi ya 60, wote wa pole za kicheko. Kijana mmoja akaniambia nimpange Daniel Adongo, yule Mkenya aliyetoka kwenye raga akaichezea Indianapolis hiyohiyo. Naye alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Mali yangu kubwa kuliko zote ilikuwa sifuri, na hakuna bima.

Katika fantasi ya Uingereza ningecheka na kusubiri Agosti. Katika ligi yetu nililibeba pengo lile miaka mitatu. Msimu wa kwanza nilishika mkia, na katiba yetu inasema anayeshika mkia anawapikia makande wanaligi walio katika mji wake na kutuma picha kundini. Nilipika. Wake zetu wanakumbuka kwamba maharage hayakuiva.

Sasa nije kwenye katiba, maana watu huniuliza ligi inadumishwa na nini. Inadumishwa na karatasi. Wapare tunasemwa kwamba mtu wetu atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Katika ligi ya nasaba tabia hiyo ni neema. Kila kitu kiandikwe kabla mtu hajachagua mchezaji hata mmoja: pointi zinahesabiwaje, nani anavunja ubishi, mauzo yanafungwa lini, katiba inabadilishwa kwa kura ngapi. Sheria unayoiandika baada ya ugomvi haiwi sheria tena. Inakuwa hukumu dhidi ya mtu fulani, naye ataijua kuwa ni yake.

Nitawapa mifano mitatu ya vifungu vilivyotuokoa.

Cha kwanza ni kuhusu mauzo. Wajinga wapya kama mimi hufanya biashara mbaya, na wengine hupiga kelele kwamba ifutwe. Katiba yetu inasema biashara haifutwi kwa kuwa ni ya kijinga. Inafutwa tu ikithibitika kuna njama, yaani watu wawili wameungana kumnufaisha mmoja. Mtu mzima ana haki ya kukosea kwa mali yake. Ukimnyima haki hiyo, anaacha kuiona timu kuwa yake.

Cha pili ni kuhusu kushindwa kwa makusudi. Kwa kuwa wa mwisho huchagua wa kwanza, mwaka 2022 mwenzetu mmoja alianza kuwaweka benchi wachezaji wake wazuri ili aendelee kushindwa. Tukabadilisha: kwa zile timu za chini, zamu ya kuchagua haifuati tena pointi ulizopata, inafuata pointi ambazo ungepata kama ungepanga kikosi chako bora kila wiki. Ukimficha mchezaji mzuri, hesabu inamwona palepale alipo. Uhuni ule uliisha kimyakimya, bila mtu kutukanwa.

Cha tatu ni cha fedha, na hapa ndipo sehemu ya aibu inapoanza.

Ada yetu ni dola 50 kwa mwaka, kwa hiyo watu 12 ni dola 600. Mwaka wa kwanza tulipanga nusu achukue bingwa na nusu iende nyumbani kwenye shule. Mama yangu alikuwa amekaa sebuleni kwangu siku naandika hesabu hiyo. Akauliza, "Hiyo nusu nyingine anachukua nani?" Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo mnacheza kamari, na shule mmeiweka mbele kama pazia." Nilijaribu kumfafanulia. Mama hakujibu, aliendelea na chai yake. Nikalipeleka neno lake kundini kama lilivyo. Kura zilikuwa 9 kwa 3, na tangu msimu wa 2020 senti zote zinakwenda nyumbani. Bingwa anapata jina lake kwenye ubao na haki ya kutuudhi mwaka mzima.

Fedha hizo nilizishika mimi, kwenye laini yangu ya simu, kwa sababu kila mtu aliniamini. Januari 2021 mama alilazwa. Usiku ule hospitali walitaka malipo, mshahara ulikuwa bado, na kwenye laini kulikuwa na fedha za ligi zinazosubiri kwenda shuleni. Nilichukua shilingi laki tisa. Nilijiambia ni kwa siku tatu. Zilikuwa wiki saba. Nilizirudisha zote katikati ya Machi, na hakuna aliyejua.

Ndugu zangu, mimi nimekagua vitabu vya watu kwa miaka 20. Nimewaandikia wengine barua kwa kosa hilohilo. Mei mwaka ule, kabla ya kugawana wachezaji wapya, mwenyekiti wa ligi, yule mtoto wa kaka, akauliza kundini: "Baba mdogo, salio likoje?" Salio lilikuwa kamili. Ningeweza kutuma picha ya simu na kulala. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka kwa swali la kawaida la mtoto wa miaka 26, na mtu anayetetemeka kwa kuulizwa salio hafai kushika fedha peke yake. Nikaandika yote.

Kulikuwa kimya kama nusu saa. Kisha akajibu: "Baba mdogo, pole kwa bibi, na ungetuambia tungechanga. Lakini kuanzia leo tunaweka watia saini wawili." Hakunitukana, na hakunisamehe kwa kufuta jambo. Aliliandika kwenye katiba. Leo fedha ziko benki, tunasaini mimi na binti ya dada yangu aliyeko Arusha, na kila tarehe mosi taarifa inawekwa kundini, hata kama hakuna kilichoingia wala kutoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata lenye daftari linahitaji macho mawili.

Sasa yule mjuzi wetu. Alikuwa hodari. Aliuza zamu zake za kwanza za mwaka 2021 na 2022 akanunua wakongwe, akawa bingwa mwaka 2020. Baada ya hapo wakongwe wakazeeka, kama wazeekavyo, akaaga kundini kwa ujumbe wa mstari mmoja. Alituachia timu isiyo na wa leo wala wa kesho. Huko Marekani timu kama hiyo huitwa yatima, na ligi nyingi za nasaba hufia hapo hapo, kwa sababu hakuna anayetaka kulipa ada ili arithi madeni ya mwingine.

Tulifanya mambo mawili. Tuliandika kwamba asiyelipa ada ya mwakani hawezi kuuza zamu ya mwakani. Unataka kula kesho leo? Ilipie leo. Na kila mmoja wetu aliweka amana ya mwaka mmoja mbele, ili akiondoka ghafla, ada yake imwingize mrithi bila malipo. Kisha tukatafuta mrithi.

Alipatikana binti wa miaka 19, yuko Minneapolis, mjukuu wa mzee mmoja aliyeko humu ukumbini. Amezaliwa kule, Kiswahili anasikia kuliko anavyosema, nyumbani alikuwa hajawahi kufika. Hakulalamika kwamba timu ni mbovu. Aliuza vikongwe vilivyobaki kwa zamu za baadaye, akasubiri. Mwaka 2022 akamwokota bure kijana aitwaye Brock Purdy, aliyekuwa mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka ule, namba 262. Msimu uliofuata Purdy aliipeleka San Francisco mpaka fainali kuu ya nchi. Na binti yetu, mwisho wa Desemba 2023, akawa bingwa wa ligi kwa timu ile ile iliyotupwa.

Desemba iliyofuata alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Tulipanda naye mlimani. Kwa misimu 6 ligi imepeleka dola 3,300, ambazo zimenunua matanki mawili ya kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya msingi pamoja na mabomba yake, na madawati 40. Alipofika uwanjani pa shule hakuuliza habari za mandhari. Aliuliza, "Baba, letu ni lipi?" Mama yangu, ambaye alipona na yuko hai, Mungu ashukuriwe, akamwonyesha kwa fimbo. Binti akafungulia bomba, akanawa uso, akalifunga, akalikaza tena kuhakikisha halivuji. Mtu hukaza bomba namna ile kwake tu.

Hii ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Wazee wetu waliyajua haya kabla ya intaneti. Ile ndiva kule juu, inayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi maji yashuke mferejini, haikuchimbwa kwa msimu mmoja. Waliochimba walijua watakufa na itabaki. Waliweka zamu za maji, waliweka msaragambo wa kuzoa matope, na aliyekosa msaragambo alitozwa. Hakukuwa na mwaka wa kuanza upya na sifuri.

Sisi chama chetu tunakiendesha kama fantasi ya Uingereza. Kila mwaka hafla mpya, kamati mpya, shauku mpya. Bweni la wasichana limesimama kwenye lenta. Ukitazama ahadi tulizoziandika mwaka jana katika ukumbi kama huu, zaidi ya nusu bado ni karatasi. Sisemi kuna aliyekula. Nasema tumeuza zamu za mwakani bila kulipa ada. Mkandarasi aliamini ahadi zetu, akajenga mpaka pale fedha halisi zilipoishia. Na wasichana wanaendelea kupanga vyumba mitaani, mbali na macho ya wazazi. Ubaya wake mnaujua bila mimi kuusema.

Ninaomba mambo matatu, yote tumeyajaribu kwenye ligi.

La kwanza, kila mwanachama alipe ada ya mwaka huu na ya mwakani kwa pamoja, ili kamati ipange kwa fedha iliyopo. Ahadi ipokelewe, lakini isijengewe ukuta.

La pili, taarifa ya benki itumwe kwa wanachama wote kila tarehe mosi, na watia saini wasiwe wa nyumba moja. Mtunza hazina wetu ni mwaminifu. Nami nilikuwa mwaminifu. Mlindeni.

La tatu, kila familia iandikishe kijana mmoja chini ya miaka 30, popote alipo duniani, apewe kazi yenye jina: kusoma mita, kukagua picha za ujenzi, kuweka hesabu. Msimwite kuja kupiga makofi. Mpeni timu, hata kama ni yatima, kisha mwacheni aifanye yake.

Wanaligi wenzangu wameniagiza niseme kwamba dola 600 za msimu huu zitakwenda kwenye mabati ya bweni, na zitaonekana kwenye taarifa ya tarehe mosi. Na mimi binafsi, nje ya ligi, nimeshalipa leo asubuhi shilingi laki tisa. Risiti anayo mtunza hazina. Mnaelewa kwa nini nimechagua laki tisa.

Fomu ziko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Usiandike unachotamani. Andika ulichonacho, ukilipe kabla hujatoka mlangoni.

Mungu aibariki milima yetu.